Barua ya wazi: Kabla ya kupokea pedi zetu, hesabuni ndoo za maji

Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Fedha, na wakurugenzi wote wa halmashauri nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Kila inapokaribia Mei 28, Siku ya Hedhi Salama, vikundi vinavyojitolea kushona pedi za kufua huanza kutafutwa kwa simu. Zinatakiwa seti mia tatu, seti mia tano, za kugawa mbele ya mgeni rasmi. Tunashukuru kukumbukwa. Lakini swali la maji shuleni, au la mahali pa kuanika, huwa haliulizwi kwenye simu hizo, na pedi ya kufua isiyo na maji na jua ni kitambaa tu chenye vifungo.

Sisi ni mafundi cherehani, wauguzi na walimu tunaotoa muda wetu kushona na kugawa taulo za kike zinazofuliwa. Hatuombi pongezi. Tunataka mjue kazi hii inafanywaje, inaharibikia wapi, na sehemu gani ya uharibifu huo iko mikononi mwenu, kwa sababu kushona tunajua, ila bomba la maji hatuwezi kulishona.

Tuanze na seti yenyewe. Binti mmoja anahitaji vibebeo 2, vitambaa vya ndani 8, chupi 2, mche wa sabuni, na mfuko mdogo usiopitisha maji wa kubebea kilicholowa. Kibebeo ni ile sehemu yenye mabawa inayozunguka chupi na kufungwa chini kwa kifungo cha kubonyeza. Kitambaa cha ndani ndicho kinachonyonya damu, na ndicho kinachobadilishwa mara nyingi. Kuna vikundi vinavyoshona pedi nene iliyounganishwa yote pamoja, kama ile ya dukani. Hatuvilaumu, ila sisi tuliuacha mtindo huo kwa sababu moja: unene. Pedi yenye tabaka sita zilizoshonwa pamoja hukauka juu, katikati ikabaki na unyevu, na unyevu huo ndio chanzo cha harufu na muwasho. Kitambaa cha ndani cha kwetu ni mraba wa sentimita 24 kwa 24, tabaka mbili tu. Ukikikunja sehemu tatu unapata tabaka sita. Ukikikunjua kufua, unafua tabaka mbili, na kwenye kamba kinaonekana kama leso. Usiku au siku ya damu nyingi, binti anaweka viwili.

Kwa mabinti 100, kwa vipimo hivyo, hesabu ya vitambaa iko hivi. Kila kibebeo hukatwa vipande viwili vya pamba vya sentimita 28 kwa 20 na kipande kimoja cha kitambaa kisichopitisha maji cha ukubwa huohuo. Kwa vibebeo 200, kitenge cha upana wa sentimita 115 kinahitajika kama mita 24, na yale masalio ya pembeni ya sentimita 15 yanatosha kukata vijifuko vya ncha mbili vinavyoshikilia kitambaa cha ndani kisitembee. Kitambaa kisichopitisha maji, kile mafundi wanachokiita PUL, kikiwa na upana wa sentimita 150, ni mita 9. Vifungo ni jozi 210, kwa kuwa chache lazima zipasuke wakati wa kubana. Sasa njooni kwenye vitambaa vya ndani: vipo 800, kila kimoja vipande viwili vya sentimita 26 kwa 26, yaani vipande 1,600. Hapo zinakwenda mita 90 za pamba laini ya upana wa sentimita 150. Wafadhili wengi hutuuliza bei ya PUL kwa sababu ndiyo inayoonekana ya ajabu. Fedha inaliwa na pamba.

Mtu anayetaka kubana matumizi hupunguza hapo hapo: vitambaa vya ndani vinakuwa vitatu, seti inaandikwa kwenye taarifa kuwa seti. Hesabu haidanganyi. Binti akibadilisha kila baada ya saa nne hadi sita, kwa siku anatumia vinne. Vya leo viko kwenye kamba, vya kesho viwe vimekauka. Nane ndiyo idadi ya chini inayomvusha siku mbili za mvua. Akiwa na vitatu atavaa kilicholowa, au atakaa na kimoja kutwa nzima, na baadaye mtasikia kwamba pedi za kufua zinaleta magonjwa.

Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kinafuliwa. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya king'ae na kisukume maji; usipouondoa kwa kufua mara mbili, pedi ya kwanza itavuja na binti hataiamini ya pili. Kufua pia kunakimaliza kuruka, yaani kupungua ukubwa. Pamba isiyofuliwa ikishonwa kwenye PUL, ambayo hairuki, kibebeo kinajikunja kama jani kavu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Na muuza duka akikuapia kwamba ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi, hiyo ni poliesta, haitanyonya hata uifue mara kumi. Tunaandika hili kwa maofisa ununuzi wa halmashauri: kiberiti kimoja kinaweza kuokoa zabuni nzima.

Kwenye cherehani makosa ni yale yale kila mahali. Fundi anashona mstari katikati ya kibebeo ili kionekane kizuri. Kila tundu la sindano kwenye PUL ni mlango wa damu. Mishono yote ikae pembeni. Pini za kushikia nazo zisipite katikati, tunatumia vibanio vya nguo. Uzi uwe wa poliesta, maana uzi wa pamba hunyonya damu na kuisafirisha hadi upande wa pili kama utambi wa taa. Upande wa PUL unaong'aa ukae ndani, katikati ya vitambaa viwili, usisuguane na chupi wala na jiwe la kufulia. Kifungo kiwe cha plastiki, au cha chuma kisichoshika kutu. Vile vya bei rahisi sana huota kutu mapema na kuacha doa ambalo watu hulidhania ni damu. Sindano ya cherehani ikivunjika, kazi inasimama mpaka vipande vyote vionekane na kuunganishwa juu ya meza. Hili halina mjadala. Kipande cha sindano ndani ya pedi hakisameheki.

Kuhusu rangi tumekuwa tukibishana wenyewe kwa wenyewe. Vibebeo tunavifanya vya kitenge chenye maua na rangi iliyokolea, ili doa lisionekane. Vitambaa vya ndani, hapana. Nyeusi inaficha doa, lakini inaficha pia uchafu uliobaki, na inamnyima binti nafasi ya kuona rangi ya uchafu wa ukeni ikibadilika. Tunatumia rangi za kati, kama kijivu au buluu, na tunaikwepa nyekundu kwa sababu huchuja.

Halafu kuna jaribio ambalo tungependa kila mpokeaji alifanye kabla ya kusaini hati ya kupokea. Chukua pedi tatu kwa kubahatisha kutoka kwenye gunia, si zile zilizopangwa juu. Kwa bomba la sindano, mimina taratibu mililita 10 za maji katikati. Subiri dakika moja. Weka karatasi nyeupe chini, kandamiza juu kwa kiganja. Karatasi ikilowa, gunia lirudi lilikotoka. Kwa kulinganisha, mwanamke hupoteza kwa kawaida kama mililita 30 hadi 40 za damu kwa hedhi nzima, na zaidi ya 80 huhesabiwa kuwa nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo pedi inayoshindwa na mililita 10 haina cha kujitetea. Na binti ambaye viwili vinalowa ndani ya saa moja au mbili haongezewi pedi, anapelekwa zahanati.

Hapo ndipo kazi yetu inapoishia, Waheshimiwa, na yenu inapoanza.

Mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Lakini tundu pekee halitoshi; maji na kamba navyo vihesabiwe. Chukueni shule ya bweni yenye mabinti 200 walioshaanza hedhi. Kwa mzunguko wa siku 28 na hedhi ya siku tano, siku yoyote mtakayoingia getini wako kama 36 walio katika siku zao. Si siku ya maadhimisho tu: ni kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, wakati wa mitihani na wakati wa paredi. Kila mmoja akifua vitambaa vinne na kibebeo kimoja kwa siku, anatumia lita 2 kulowekea, lita 3 kufulia na lita 3 kusuuzia. Hizo ni lita 288, karibu ndoo 15 za lita ishirini. Vitambaa vya ndani vinavyoanikwa ni 144, bila kuhesabu vibebeo. Mpe kila kimoja sentimita 27 za kamba, unahitaji mita 39. Msimu wa masika, vinapochukua siku mbili kukauka, mita 78.

Tunauliza: ni shule gani katika halmashauri yako yenye ndoo 15 na mita 80 za kamba kwa ajili hiyo? Jibu likiwa hakuna, anza na hilo kabla ya kuomba seti. Si ujenzi wa mabilioni. Uzio wa matofali au hata wa makuti wenye urefu wa kumpita mtu, nguzo nne, kamba za nailoni zilizokazwa, na juu bati za plastiki zinazopitisha mwanga ili mvua isilazimishe vitu kurudi chini ya godoro. Sakafu ya zege yenye mteremko, karo la kufulia lenye bomba, na mfereji unaopeleka maji kwenye shimo lake, si kwenye bustani ya mchicha. Mlango uwe na komeo la ndani. Tumeona michoro ya vyumba vya wasichana yenye kioo, vigae na rangi ya waridi, ila bomba liko nje, upande wa pili wa uwanja. Binti atatoka na damu mkononi akatishe uwanja wa mpira?

Kwa shule za kutwa hesabu ni tofauti. Huko binti habadilishi na kufua, anabadilisha na kubeba. Anachohitaji ni choo chenye mlango unaofungika, ndoo ya maji na sabuni ndani ya choo hicho, na ule mfuko wake usiopitisha maji. Kilicholowa kinakwenda nyumbani. Kwa hiyo mfuko si urembo; ukiukata kwenye bajeti umeikata seti yote. Chupi vilevile. Pedi yenye mabawa inashika kwenye chupi, na wapo mabinti wanaokuja shule bila chupi, au na iliyolegea mpira. Wafadhili huona aibu kununua chupi, halmashauri huona haimo kwenye orodha, basi pedi inabaki kwenye mfuko. Tunaomba chupi iandikwe kwa jina lake kwenye orodha, kwa saizi, na saizi zipatikane kwa matroni kuuliza mapema badala ya kununua dazeni za saizi moja.

Ufuaji nao hufundishwa vibaya, tena mara nyingi na watu wazima. Maji ya moto huipikia damu ndani ya nyuzi, doa likakaa milele. Loweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, dakika 30, si usiku kucha, kisha fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua bila kusokota kibebeo, anika juani. Dawa ya kung'arisha nguo hula uzi na mpira wa PUL. Ile ya kulainisha na kunukisha nguo hupaka nyuzi utando, pedi ikaanza kusukuma maji kama kitambaa kipya. Pasi isiguse kibebeo kabisa. Mafunzo haya huchukua dakika 45 yakifanyika kwa beseni na sabuni, kila binti akikunja, akafunga na kufua mwenyewe. Hayachukui dakika tano mwishoni mwa hotuba, mabinti wakiwa wamesimama mstarini na kamera mbele yao. Mkisisitiza picha, pigeni picha za karo.

Kuna jambo la nyumbani ambalo nyaraka za serikali huliruka. Katika familia nyingi, kitambaa cha hedhi hakitakiwi kuonekana na mtu, wakati mwingine kwa hofu kwamba mwenye nia mbaya atakitumia kwa uchawi. Kucheka hofu hiyo hakusaidii. Binti ataendelea kukianika chini ya kitanda. Mabibi, mashangazi na akina mama wakiitwa shuleni wakakishika kile kitambaa chenye umbo la leso, wakaona kinavyokunjuka, wengi wao ndio wanaotafuta njia: kukianika juani chini ya khanga nyepesi, au katikati ya nguo za mtoto. Na baba aelezwe kwa nini sabuni inaisha haraka. Mikutano ya kijiji ipo, ajenda iingie huko.

Kwa mabinti wenye ulemavu seti ya kawaida haitoshi. Asiyeona anahitaji alama ya kupapasa, na fundo la uzi mnene kwenye upande wa juu linatosha kabisa. Mwenye mikono isiyo na nguvu hawezi kubonyeza kifungo, huyo tunamwekea utepe wa kunata au vitanzi vya kufunga. Mlezi wake naye afundishwe, na apewe glavu. Shule zenye vitengo maalumu zipelekewe kwanza, zisisubiri kilichobaki kwenye gunia.

Sasa fedha. Mwaka 2018 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikaurudisha mzigo huo, kwa maelezo kwamba bei hazikushuka. Ni kweli hazikushuka, na moja ya sababu ilikuwa ndani ya utaratibu wenyewe. Bidhaa ikisamehewa kodi, mtengenezaji hatozi kodi anapouza, lakini pia hawezi kudai kodi aliyolipa aliponunua pamba, plastiki na umeme. Gharama hiyo inabaki ndani ya bei. Bidhaa ikitozwa kwa kiwango cha sifuri, anarejeshewa. Wizara ya Fedha inaijua tofauti hii kuliko sisi. Nafuu iliyofuata mwaka 2019, ya kupunguza kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa taulo za kike, ilikuwa ya viwanda. Kikundi cha akina mama kumi wenye cherehani nne hakilipi kodi ya kampuni. Kinalipa asilimia 18 dukani kwenye kila mita ya kitambaa cha kutoka nje na kila mfuko wa vifungo, na kwa kuwa mauzo yake hayafiki kizingiti cha usajili wa VAT, hakirudishiwi senti. Tunaomba nafuu iwekwe kwenye malighafi: PUL, vifungo vya plastiki, na pamba laini inayonunuliwa kwa kazi hii.

Na hapa mtusamehe tuchepuke kidogo. Nchi inayolima pamba Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, halafu fundi wa Shinyanga anatafuta pamba laini ya kuagizwa kutoka nje ili amshonee pedi binti wa mkulima wa pamba. Kiwanda cha nguo cha hapa nchini kikipewa oda ya uhakika ya kitambaa kimoja tu, laini, kisicho na wanga, cha upana wa sentimita 150, kingekuwa kimepata soko lisiloisha.

Kenya iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikabadili Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe apewe pedi bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Hilo la kutupa ni busara ya kuigwa. Pedi za kutupa hujaza shimo la choo haraka, plastiki yake haiozi, na gari la kunyonya linapokuja mabomba yake huziba. Hatupingani na pedi za kutupa. Binti aliye safarini, aliye kwenye chumba cha mtihani, au anayeishi pasipo na maji kabisa, apewe pedi ya kutupa na asihubiriwe mazingira. Kila shule iwe na akiba yake, na kichomea taka kinachofanya kazi. Lakini kwa matumizi ya kila mwezi pigeni hesabu wenyewe: binti anatumia vipande 15 hadi 20 kwa hedhi, yaani pakiti mbili za vipande vinane au zaidi, na pakiti moja ni shilingi 2,000 hadi 3,000. Ruzuku ya uendeshaji tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na si yote inayofika shuleni kwa fedha taslimu, sehemu inabaki kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu hawezi kununua pedi za kutupa kwa fedha hiyo na bado abaki na chaki. Seti ya kufua, hata ikigharimu shilingi 15,000, ikidumu miaka miwili ni shilingi 625 kwa mwezi. Iliyoshonwa vizuri na kufuliwa vizuri hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Tunashauri mpange kwa miwili.

Kwa hiyo tunachoomba kwenye bajeti ni kifungu chenye namba yake, si "dharura" wala "michango ya wadau". Kihesabiwe hivi: seti moja kwa kila binti anayeingia kidato cha kwanza, na nyingine anapoingia cha tatu. Shule za msingi zisigawe kwa wote, maana wapo wa miaka 10 walioanza na wa miaka 14 ambao bado, na seti isiyotumika huishia kuwa kitambaa cha kufutia meza. Huko matroni awe na akiba, ampe binti siku anapoanza, na mafunzo yaanze darasa la tano kwa wote, wavulana wakiwemo. Wavulana wakielezwa mapema wanaacha kucheka. Hili halihitaji maneno mengi.

Ununuzi unaweza kufanyika bila kutunga sheria mpya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi nayo inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu. Kinachotokea ni kwamba mkono mmoja wa halmashauri unakikopesha kikundi cha kushona pedi, na mkono mwingine unaomba pedi za bure kwa kikundi hichohicho ifikapo Mei. Kikundi kitarejesha mkopo kwa fedha gani? Unganisheni mikono hiyo: mkopo wa cherehani na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za nguo), kisha oda ya halmashauri kupitia makundi maalumu, kwa vipimo vilivyoandikwa. Maofisa maendeleo ya jamii wavisaidie vikundi kujisajili kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, kwa kuwa wengi hukwama kwenye nyaraka na siyo kwenye kushona. TBS (Shirika la Viwango) na SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) nao wawafuate waliko; sampuli ya pedi haina sababu ya kusafiri hadi Dar es Salaam kama ofisi ya kanda inaweza kuipokea.

Vipimo hivyo vya zabuni viseme idadi ya vitambaa vya ndani, aina ya pamba, jaribio la mililita 10, chupi, mfuko, na dakika 45 za mafunzo. Zabuni inayosema tu "pedi za kufua, seti 500" italeta seti 500 za bei ndogo kuliko zote.

Tusiahidiane yasiyokuwepo pia. Pedi hazitawarudisha darasani wote wanaokosa masomo. Wapo wanaolala nyumbani kwa maumivu ya tumbo, na hao wanahitaji sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa ya maumivu na matroni aliyefundishwa kuitoa, maji ya moto ya kukandia, na ruhusa ya kupumzika bila kuhojiwa mbele za watu. Matroni mwenyewe awe na muda: mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki aliyeongezewa umatroni bila kupunguziwa kitu atafungua kabati la pedi mara moja kwa wiki, akiwa na haraka.

Halmashauri huanza kuandaa bajeti kabla ya mwaka kuisha, na mwaka wa fedha hufungua Julai 1. Tunaomba, kabla ya makadirio kupelekwa kwenye baraza la madiwani, kila mkurugenzi apate kwa kila shule namba nne: mabinti kuanzia darasa la tano, matundu ya choo ya wasichana yanayofungika, lita za maji zinazopatikana kwa siku mwezi Oktoba kabla ya mvua, na mita za kamba zilizo kwenye uzio. Afisa elimu kata anaweza kuzikusanya kwa wiki mbili. Patani zetu za sentimita, orodha ya vipimo na ratiba ya mafunzo tunazitoa bure kwa halmashauri yoyote itakayozihitaji. Seti za Mei tutaendelea kushona, ila tutaomba kwanza kuonyeshwa karo.

Wenu katika kazi,

Mafundi, wauguzi na walimu tunaojitolea kushona taulo za kike za kufua